MKE WA NABII AYYUB ALISAIDIWA NA NANI?

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake.



Tukimtembelea mgonjwa, tunamtaja Nabii Ayyub (a.s.) na subira yake. Lakini ni mara ngapi tumemtaja mke wake? Wafasiri wanasimulia kwamba watu walipomkimbia Ayyub, mke huyo alibaki akimhudumia, akifanya kazi kwa watu ili apate chakula chake. Kisha watu wakamnyima hata kazi, wakiogopa maradhi ya mumewe. Mgonjwa alikuwa mmoja, waliotengwa wakawa wawili.

Mama wa namna hiyo yuko leo katika mitaa yetu. Mtoto wake hasemi, huziba masikio akisikia kelele, hukimbilia barabarani mlango ukiachwa wazi. Madaktari huita hali hiyo otismu, au usonji. Haiambukizi, wala haitokani na malezi mabaya. Lakini mama hawezi kwenda shamba, hawezi kukaa sokoni, na usiku halali. Wengine husema mtoto ni mchawi. Huo ni uzushi na dhuluma. Hata Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi.

Na sisi tunamwambia nini? Mama, subiri, ni mtihani wa Allah. Neno hilo ni la kweli. Lakini mtihani ni wa nani? Subira yake ni ibada kati yake na Mola wake. Sisi tumeamrishwa kusaidiana katika wema. Anayemhubiria subira mwenye mzigo, na mikono yake mwenyewe haigusi mzigo, huyo ndiye ameanguka mtihani.

Mtume (s.a.w.) alikuwa akianza swala akitaka kuirefusha, akisikia mtoto analia, aliifupisha, kwa kujua uchungu wa mama yake. Hakuagiza mama atolewe msikitini. Basi sisi tunamkunjia uso kwa nini mtoto wake akipiga kelele?

Wanazuoni wamefundisha kwamba kumwondolea Muislamu dhara ni fardhi kifaya: wakiitimiza baadhi, wengine wamesalimika, wakiiacha wote, wote wana dhambi. Kwa hiyo, tukitoka hapa, kila mmoja ajue nyumba hizo katika mtaa wake. Tusingoje mama aje kuomba. Dada mmoja amwangalie mtoto saa mbili, mama aende sokoni au alale. Mwingine amchotee maji, mwingine apeleke unga. Na baba aliyekimbia nyumba, wazee wamfuate, wamkumbushe amana yake.

Ewe Mola wetu, wape nguvu wanaowahudumia wasiojiweza, na usitujalie kuwa majirani waliosikia kilio wakafunga mlango. Amin.

Wabillahi tawfiq.