Karanga za Nani Mlimani?



Msimu wa kupanda milima umefika tena. Ukipita parokiani utasikia VIWAWA wa huku wanakwenda Marangu, wanafunzi wa kule wanakwenda Uluguru, wengine wanajipanga kwa Hanang. Na kwenye kila orodha ya vitu vya kubeba siku hizi kuna kitu kinaitwa "mchanganyiko": karanga, korosho, zabibu kavu, pengine na mbegu za maboga, vyote chombo kimoja, unatafuna huku unatembea. Kuna kundi moja la vijana ninalolifahamu wanauita "makande makavu". Jina hilo nimelipenda kuliko lile la kwanza.

Nimesoma falsafa. Tumejadili maada na umbo, sababu na matokeo, mpaka taa zinazimwa. Lakini vijana wakinikuta baada ya Misa hawaniulizi hayo. Wananiuliza hili: "Frateri, mwenzangu kaja mikono mitupu. Karanga nimenunua mimi, nimekaanga mimi, nimezibeba mimi. Ana haki gani nazo?"

Usilicheke. Ni swali zito, na Kiswahili chenyewe kinalifanya kuwa zito zaidi, kwa sababu neno "haki" kwetu linabeba mizigo miwili. Haki ni kile ninachoweza kudai. Haki pia ni uadilifu wenyewe, ile fadhila inayokaa pamoja na busara, nguvu na kiasi. Kwa hiyo aliyeuliza ameuliza mambo mawili kwa pigo moja. Mwenzangu anaweza kudai karanga zangu? Na hata kama hawezi kudai, mimi nikimnyima, nimekuwa mtu wa haki?

Kabla ya kujibu, tuingie jikoni kwanza, maana watu wengi wanaojadili swali hili hawajawahi kukaanga hata karanga moja.

Tuseme mko kumi, mnapanda kutoka geti la Marangu hadi Mandara na kurudi siku hiyo hiyo. Mandara iko kwenye mita kama 2,700, na kupanda ni mwendo wa saa tatu hivi msituni. Mbali na chakula cha mchana, gramu 100 za kutafuna kwa kila mtu zinatosha. Hiyo ni kilo moja: nusu kilo karanga, robo korosho, robo zabibu. Karanga zina mafuta mengi, gramu 100 hubeba karibu kalori 570, ndiyo maana kiganja kimoja kinamwinua mtu aliyekaa chini akisema "niacheni hapa hapa". Zabibu zina sukari inayofika haraka. Chumvi kidogo iwepo, maana jasho linaiondoa mwilini.

Karanga zimwage kwenye ungo. Toa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, na zenye ukungu usizionee huruma, kwa sababu sumukuvu haitoki yote kwa kukaanga. Halafu moto mdogo na mwiko usiopumzika. Ukiacha kukoroga dakika mbili ili ujibu ujumbe kwenye simu, upande mmoja umeungua na mwingine bado mbichi. Zikiiva, ziache zipoe kabisa ndipo uzifunge. Ukizifunga za moto hutoa jasho na kesho yake zinatafunika kama maharage. Zabibu ziingie mwisho. Tumia kopo lenye mfuniko au mfuko wa kitambaa. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, na msitu ule haukuiomba pia.

Na uliza mapema kama kuna mwenye mzio wa karanga. Kwa mwenye mzio mkali, punje chache zinaweza kumuua, na kule juu hospitali iko mbali.

Sasa mwangalie mtu huyo aliyeinama kwenye ungo. Anatoa karanga mbovu, lakini zisiingie mdomoni mwa nani? Anapima, lakini kwa kuhesabu vinywa vingapi? Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba busara ni akili iliyonyooka katika mambo ya kutenda, na kati ya sehemu zake anaipa nafasi ya juu ile ya kuona mbele. Mimi naongeza hivi: huwezi kuona mbele kwa uaminifu ukaziona karanga bila kuwaona watu. Yule atakayekuja mikono mitupu unamjua tayari. Kila kundi linaye. Ukipima gramu 100 zako tu huku unajua atakuwepo, kiukweli umeshaamua kumnyima, na umeamua ukiwa jikoni, umekaa vizuri, umeshiba.

Ndiyo maana nasema swali la mlimani limechelewa. Ukiwa umepanda saa mbili, magoti yanalia, umebakiza kiganja kimoja na mtu anakuangalia, usitegemee kwamba roho kubwa itashuka ghafla kutoka mawinguni. Aristotle aliliona hili kabla ya Kristo kuzaliwa: mtu huwa mkarimu kwa kutenda ukarimu mara nyingi, mpaka mkono unazoea. Mlimani mkono unafanya ulichozoea. Jikoni bado kuna nafasi ya kuufundisha.

Tukirudi kwenye haki yenyewe, Thoma ana jambo ambalo wengi hawalitegemei kwa mtakatifu. Anakubali kabisa kwamba mtu awe na mali yake, kwa sababu kila mtu hutunza vizuri zaidi kilicho chake, na kazi ya wote mara nyingi hubaki bila mwenyewe. (Aliyewahi kuishi bweni moja na watu arobaini anajua ufagio wa wote hukaa wapi.) Hivyo karanga ni zako, hakuna ubishi. Lakini kuhusu matumizi, anasema mtu azishike kama za wote, awe tayari kumpa mwenye shida. Papa Leo XIII aliyarudia mafundisho hayo mwaka 1891 katika Rerum Novarum, akiwazungumzia wafanyakazi wa viwandani. Wewe ni mwenye karanga, na kwa kuwa ni mwenye karanga, wewe ndiye uliyekabidhiwa kuzigawa. Umiliki wako ni kazi uliyopewa.

Hapo dada mmoja alinikamata vizuri sana siku moja. "Frateri, mbona wale wanawali watano wenye busara walikataa kugawa mafuta? Na Yesu hakuwakemea!"

Pointi kubwa hiyo. Na jibu rahisi la kwamba "mafuta ni mfano tu" halitoshi, kwa sababu karanga zetu nazo tumezifanya mfano. Tuangalie basi mafuta yale ni ya nini. Ni ya kumngojea Bwana arusi. Ni utayari, na utayari wa mtu haukopesheki: siwezi kutubu kwa niaba yako, wala wewe huwezi kusali ile sala niliyoiacha mimi. Karanga zinakopesheka. Ndiyo tofauti. Lakini zaidi ya hapo, soma sura hiyo hiyo ya 25 ya Mathayo mpaka mwisho. Inaanza na wanawali, inamalizia na Mfalme akiwatenga watu kama kondoo na mbuzi, na anawauliza kuhusu chakula. Wenye njaa walipewa au hawakupewa? Hakuna mahali anapouliza kama mwenye njaa alikuwa amejipanga vizuri. Ukisimama kwenye mstari wa 13 ukafunga Biblia, utatoka na jibu linalokupendeza, na umeacha nusu ya sura.

Hata hivyo wanawali wale wanatufundisha kitu ambacho watu wakarimu husahau. Yule anayegawa kopo zima pale getini ili asifiwe, halafu baada ya saa mbili anashikwa na kizunguzungu na inabidi wenzake wamshushe, huyo hajatenda upendo, ameongeza mzigo. Kiasi nacho ni fadhila. Kama wewe ndiye kiongozi wa kundi, bakiza kiganja cha akiba mfukoni mpaka mtu wa mwisho ashuke, na usimwambie mtu.

Na mikono mitupu si ya aina moja. Mtume Paulo aliwaandikia Wathesalonike kwa ukali kuhusu asiyetaka kufanya kazi. Angalia neno: asiyetaka. Kuna asiyetaka, kuna asiyejua, kuna asiye na kitu. Asiyejua mwelekeze. Asiyetaka, wazee walishasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: safari hii mpe karanga, safari ijayo mpe mwiko. Usimnyime chakula mlimani ili umfunze adabu. Mlima wenyewe ni mwalimu mkali wa kutosha.

Asiye na kitu ndiye anayeniumiza mimi zaidi, kwa sababu yeye haombi. Ukimkaribisha atakwambia, "Niko poa, nimeshiba." Hajashiba. Nauli na kiingilio cha hifadhi vimemaliza alichokuwa nacho, na korosho kwake ni kitu cha harusini. Anatembea nyuma kidogo ya wengine ili wasimwone hatafuni. Sasa ukimpa mbele ya kundi zima, tumbo litapona na heshima itavunjika. Thoma hakuandika juu ya kijana huyu, lakini mchanganyiko wenyewe una jibu lake.

Mkutane jioni kabla ya safari, kila mmoja aje na alichonacho. Huyu kaja na korosho ambazo mjomba wake katuma kutoka Mtwara. Huyu robo ya zabibu. Huyu kaja na ngumi mbili za karanga kutoka shamba la bibi, zimefungwa kwenye kitenge. Huyu hana kabisa, lakini anajua kukaanga kuliko wote, na mwiko anaushika yeye. Vyote vikishaingia kwenye beseni moja na kukorogwa, nani atakuja kusema punje hii ya nani? Mlimani kila mtu anachovya mkono kwenye kopo lile lile, na hakuna anayepewa na hakuna anayetoa. Mtoaji amefichwa, hata kwa nafsi yake. Yule asiye na kitu anakula jasho lake.

Bado lipo jaribu moja, na mnalijua: kuchagua korosho. Mkono unaingia kwenye kopo, vidole vinapekua, unatoka na korosho nne na zabibu mbili, karanga zimeachiwa ndugu. Watu huchukulia ni utani. Mimi naona dhuluma ndogo, iliyo nzima kabisa kwa umbo lake, kwa sababu kila anayeifanya anatumia imani ya wenzake kwamba kila mkono unachota bila kupekua. Kopo likifika kwa wa kumi ni karanga tupu, na hakuna wa kumshtaki. Kama umewahi kujiuliza mali ya umma huishaje bila mwizi kuonekana, chunguza kopo hilo.

Kiswahili kina neno zuri ambalo vijana tunaliacha life: masurufu, yaani chakula au fedha ya njiani. Nabii Eliya alipokimbilia jangwani hakuwa na masurufu, na alikuwa amechoka kiasi cha kuomba afe. Malaika hakumuuliza kwa nini hakujiandaa. Alimwamsha, akamwonyesha mkate na maji, akamwachia alale, akamwamsha tena ale mara ya pili kwa kuwa safari ilikuwa ndefu. Kwa nguvu ya chakula ambacho hakukipika, akatembea siku arobaini mpaka mlima Horebu. Kanisa nalo humpa Komunyo mtu anayekaribia kufa kama masurufu ya safari ya mwisho. Fikiria huyo mgonjwa: hawezi kununua, hawezi kubeba, mara nyingine hata kufungua mdomo ni kazi. Masurufu yake yameandaliwa yote na mwingine.

Kwa hiyo, viongozi wa vijana mnaopanga safari za likizo hii, naomba kitu kimoja kwenye orodha zenu. Palipoandikwa "kila mmoja abebe mchanganyiko wake", futeni. Andikeni: Ijumaa saa kumi na moja jioni, jikoni parokiani, kila mmoja aje na alichonacho. Mama wa WAWATA hawatakosa kuwaazima sufuria kubwa na ungo mkiomba kwa adabu. Pimeni za watu kumi na wawili hata kama mko kumi. Na jamani, atakayeshika mwiko aache simu kwa mwenzake.