Krimu, Uso na Ushahidi

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lau wangeiona Crème de la Mer, krimu ya Marekani ambayo kampuni ya Estée Lauder iliinunua mwaka 1995, wangepata tabu kuamua iko upande upi, maana sifa zake zimetembea vinywani mwa watu mashuhuri kwa miaka mingi. Hadithi yake nayo inapendeza: inasimuliwa kwamba Max Huber, mwanafizikia aliyeungua, alifanya majaribio 6,000 kwa miaka 12 hadi akapata dawa ya mwani uliochachushwa. (Si mwani wa Paje wala Jambiani, bali ule mrefu wa maji baridi ya Pasifiki.)

Asomaye maandishi madogo ya kopo hukuta, baada ya mwani, mafuta ya madini, jeli ya petroli na glisirini. Jeli hiyo Robert Chesebrough aliipatia hataza mwaka 1872, na kazi yake ni ile ile: kuzuia maji yasitoroke ngozini. Nivea ya Ujerumani, iliyoanza kuuzwa mwaka 1911, nayo ina mafuta ya madini na glisirini, kwa bei ndogo mno. Kipimo cha haki ni kupaka hii mkono mmoja na ile mkono mwingine kwa wiki kadhaa, mpakaji asijue ipi ni ipi. Sharti hili la mwisho ndilo zito, kwani ajuaye bei huona kile alichokilipia.

Mtetezi atasema kwamba mtu hununua furaha, na furaha haipimwi. Hoja hiyo si nyepesi. Udi hauponyi maradhi, na hakuna amshitakiye muuza udi. Lakini muuza udi huuza harufu, na mnunuzi huipata. Nyota anayesifu krimu huuza ushahidi, nao ushahidi ni amana. Mwaka 2009 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilieleza kuwa watu mashuhuri nao wapaswa kudhihirisha uhusiano wao na wauzaji. Aliyelipwa aweza kusema kweli. Dhulma ni kumnyima msikilizaji nafasi ya kulipima neno lake.

Ajuaye yote haya, akainunua kwa harufu yake na uzito wa kopo lake, hakudanganywa. Aliyedanganywa ni yule aliyekopa akiamini kwamba ngozi ya mwigizaji imetoka koponi, ilhali ngozi hiyo ina daktari wake, mpambaji wake na taa za studio.