Maiti Haulizwi Sanda

Katika jumba la sayansi la Louisville, Kentucky, umehifadhiwa mwili wa mwanamke wa Misri ya kale aitwaye Then-Hotep. Alinunuliwa mwaka 1904 kwenye maonyesho ya dunia ya St. Louis, na mwaka 1937 akakumbwa na mafuriko ya mto Ohio. Vizazi vya watoto vimemtazama huku vikielezwa jinsi maiti zilivyokaushwa kwa magadi. Je, manufaa ya elimu yanatosha kuhalalisha kumweka mtu machoni pa watu?

Watetezi husema kwamba kuona ni kujua. Hoja hiyo ina uzito, ila haina mpaka. Kwenye maonyesho yale yale ya 1904 alionyeshwa Ota Benga, kijana hai kutoka Kongo. Mwaka 1906 akawekwa katika nyumba ya nyani huko Bronx, na jambo hilo likaitwa sayansi. Buffalo nako, mwaka 1901, Waafrika walijengewa kijiji cha kutazamwa. Lakini Mary Talbert, mkazi wa mji huo, alipigania yaletwe pia maonyesho ambayo W.E.B. Du Bois na wenzake waliyaandaa kwa ajili ya Paris mwaka 1900, nayo yakaletwa. Pande zote mbili watu walitazama. Tofauti ilikuwa ni nani mwenye kauli.

Columbus, kipimo hicho chaonekana kushindwa. Colo, gorila wa kwanza kuzaliwa kifungoni, alizaliwa huko tarehe 22 Desemba 1956, akafa mwaka 2017. Hakuwa na kauli ya kunyimwa. Anachodai mnyama ni matunzo, na ukweli kwamba wazazi wake walikamatwa msituni Afrika.

Then-Hotep yu katikati: hawezi kujibu, lakini aliwahi kuwa na kauli, na jina lake lipo. Wahenga walinena kwamba maiti haulizwi sanda. Haulizwi kwa kuwa haki yake inajulikana tayari, si kwa kuwa hana haki. Sanda anayoweza kuitoa mhadhiri ni maneno: aeleze kwanza kwamba mwanamke huyu aliuzwa sokoni, ndipo aingie katika habari za magadi. Leo Louisville ina Wakongo wengi wasemao Kiswahili, nao wana haki ya kuketi ukumbini. Mhadhara usioweza kutolewa mbele ya ndugu wa anayesemwa haufai kutolewa mbele ya yeyote.