Je, Msafiri Ni Shahidi wa Kuaminika?



Ndugu zangu katika imani, mimi ni mtoto wa Katunguru, pale daraja linapovuka mfereji wa Kazinga unaounganisha ziwa George na ziwa Edward. Wengi wenu mmepita pale kwa basi la Kasese. Mliona maji, wauza samaki na mapaa ya mabati, kisha dereva akakanyaga mafuta. Utotoni nilikuwa nikiwatazama watalii wakitupiga picha kupitia madirisha ya magari, nikijiuliza: huko kwao watasema sisi ni watu gani?

Sikujua kwamba siku moja nami nitakuwa mtu wa dirishani. Kila likizo, ili nipate karo, nafanya kazi ya utingo katika lori la mjomba wangu. Tumepakia chumvi ya Katwe, tukavuka Mpondwe hadi Kasindi, Beni na Butembo. Tumepita Katuna kwenda Kigali, na Malaba kwenda Mombasa. Kila niliporudi chuoni, wenzangu walinizunguka baada ya Isha wakitaka habari, nami nikawapa. Wanyarwanda ni watu wa usafi, hata mifuko ya plastiki waliipiga marufuku tangu 2008. Wakenya ni watu wa haraka na pesa. Wakongo ni watu wa rushwa. Tukacheka, tukaenda kulala.

Kisha ukaja usiku wa tarehe 16 Juni 2023. Washambuliaji waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, kule Mpondwe, wakaua watu wapatao 40, wengi wao wanafunzi. Serikali ilisema ni kundi la ADF. Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raajiuun. Sisi wa Kasese tulilia kama wazazi wengine wote. Lakini miezi michache baadaye, mbali na nyumbani, mtu mmoja alisoma kitambulisho changu: jina la Kiislamu, kwetu Kasese. Akaniangalia, akasema, "Kumbe ninyi ndio mnaoua watoto." Ulimi ulinikauka. Alikuwa na habari moja tu kuhusu kwetu, na akaona inamtosha.

Usiku ule, nikiwa nimelala chini ya lori, nilijiuliza: na mimi nilikuwa na habari ngapi kuhusu Kongo?

Imepokewa kwamba mtu mmoja alimsifu mwenzake mbele ya Sayyidna Umar (R.A.). Umar akamuuliza kama ni jirani yake anayejua kuingia na kutoka kwake. Hapana. Je, amewahi kusafiri naye? Hapana. Je, amefanya naye biashara ya dinari na dirhamu? Hapana. Basi Umar akamwambia kwamba hamjui mtu huyo.

Nilijipima kwa maswali hayo. Jirani wa Wakongo sijawa. Tunalala kwenye maegesho. Mwenzangu wa safari ni mjomba, na yeye ni Mganda. Limebaki swali la pesa, na hapo ndipo panaponiuma. Pesa nimeshughulika nazo na watu wawili. Wa kwanza ni askari wa kizuizi, ambaye nimemsimulia mara ishirini. Wa pili ni mama mmoja muuza maharage wa Butembo. Niliporudi kwake baada ya majuma matatu alinirudishia chenji niliyoisahau. "Mtoto yangu, ulisahau makuta yako." Huyo sikumsimulia hata mara moja. Habari zake hazichekeshi.

Na kuna jambo jingine ambalo sikuwaambia wenzangu. Siku ile ya askari, mzigo wetu ulizidi ule ulioandikwa kwenye karatasi. Mkono uliotoa noti ulikuwa wangu. Mtume (S.A.W.) amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji wake. Mimi nikamhukumu mpokeaji pamoja na taifa lake zima, na mtoaji nikamfanya msimuliaji.

Atakuja mwenzangu aniambie: basi tunyamaze? Rushwa ipo, na kuificha nako ni dhulma. Ni kweli, na sisemi tunyamaze. Surat An-Nisaa, aya ya 135, inatuamuru tuwe mashahidi wa uadilifu, hata dhidi ya nafsi zetu. Lakini shahidi husema alichokiona, mahali gani, na yeye mwenyewe alikuwa akifanya nini pale. "Askari mmoja alichukua pesa, na mimi nilimpa" ni ushahidi. "Wakongo ni watu wa rushwa" ni dhana, na Surat Al-Hujurat, aya ya 12, imetutahadharisha kuwa baadhi ya dhana ni dhambi.

Ibn Battuta alilala Mombasa usiku mmoja tu, mwaka 1331, kabla ya kuendelea na safari ya Kilwa. Huko Delhi alikaa miaka, akafanya kazi ya ukadhi. Mtu ni yule yule, lakini maneno yake ya Mombasa na yale ya Delhi hayana uzito mmoja. Tukimsoma tunajua hivyo. Mbona tukisimulia sisi tunasahau?

Ndugu zangu, wengi wetu tutamaliza masomo tukatafute riziki Nairobi, Kigali au Uarabuni. Tutarudi na maneno. Mimi nimeanza kuyarekebisha ya kwangu: muhula huu, baada ya Isha, niliwasimulia wenzangu habari za yule mama wa maharage, kisha habari za noti iliyotoka mkononi mwangu. Safari hii hakuna aliyecheka. Mmoja wao, ambaye mama yake ni wa Beni, alinipa mkono akanishukuru. Miaka miwili nilikuwa nikisimulia mbele yake, naye amenyamaza.

Mwenyezi Mungu atusamehe kwa ndimi zetu, na awarehemu watoto wa Lhubiriha. Amin.

Wallahu aalam.