Hadithi Ipendwayo na Haki ya Kuigeuza

Yamkini umepata kumsikia mtu mzima akinung'unika ya kwamba wimbo wa utoto wake umeharibiwa na waimbaji wa siku hizi, au kwamba hadithi aliyoipenda imevishwa nguo isiyo yake. Manung'uniko hayo husikika kila pahali penye watu wenye kumbukumbu. Huko Marekani huzidi kila ifikapo Krismasi, kwa sababu wazazi na watoto wa nchi ile wana desturi ya kuketi pamoja kutazama vipindi vifupi vya katuni vilivyotengenezwa kwa ajili ya sikukuu hiyo. Na baadhi ya vipindi hivyo vimefanywa upya, watu wa damu na nyama wakashika nafasi ya michoro. Swali nitakalo tulipime leo ni hili: Je, ni haki kuigeuza hadithi ipendwayo na wengi? Na kama ni haki, mpaka wa haki hiyo uko wapi?

Tuchukue mfano mmoja, maana neno lisilo na mfano huteleza mkononi kama kambare. Mwaka 1957 Theodor Geisel, aliyejulikana kwa jina la Dr. Seuss, alitoa kitabu kidogo cha watoto kiitwacho How the Grinch Stole Christmas! Grinch ni kiumbe aishiye pangoni, juu ya mlima, pamoja na mbwa wake. Huchukia shangwe za watu wa Whoville, wakaao bondeni. Usiku wa kuamkia Krismasi alijivika mavazi ya Baba Krismasi, akashuka mjini, akaiba zawadi, vyakula na mapambo ya kila nyumba, akitumaini kusikia vilio alfajiri. Kulipopambazuka alisikia nyimbo. Watu wale hawakuwa na kitu, na bado waliimba. Grinch alisimama akifikiri, na moyo wake, uliokuwa mdogo kupita kiasi, ukakua. Akavirudisha vyote alivyoviiba.

Tarehe 18 Desemba 1966 hadithi hiyo ilionyeshwa katika televisheni kwa namna ya katuni. Mwongozaji wake alikuwa Chuck Jones, na msimulizi alikuwa Boris Karloff, mwigizaji aliyekuwa na sauti nzito yenye mtetemo. Ilichukua dakika 26 tu, lakini ilirudiwa miaka na miaka hata ikawa sehemu ya sikukuu yenyewe. Kisha, katika mwaka 2000, Ron Howard aliifanya sinema ya watu hai. Jim Carrey aliigiza Grinch, naye alilazimika kuketi saa nyingi akipakwa rangi na kubandikwa manyoya kabla ya kuanza kazi. Ufundi wa mapambo hayo ulipewa tuzo ya Oscar, na sinema ilikusanya zaidi ya dola milioni 300 duniani. Walakini wako walioipenda katuni waliotoka katika majumba ya sinema wakiwa na huzuni ya mtu aliyerudi kwao akakuta mwembe wa babu yake umekatwa.

Tuwasikilize kwanza hao wenye huzuni. Shtaka lao la kwanza ni kwamba hadithi ya dakika 26 imevutwa hata ikapita saa moja na nusu, na uji uliotiwa maji mengi hupungua ladha. La pili ni kwamba mchoro humwachia mtazamaji kazi ya kufanya: mstari mmoja wa wino waweza kuwa tabasamu lenye hila, na akili ya mtoto huongeza yaliyobaki; bali uso wa mtu halisi huonyesha kila kitu, na akili haipati la kuongeza. La tatu ndilo zito. Sinema ya mwaka 2000 ilimtungia Grinch utoto. Ilisema ya kwamba alichekwa na wenziwe shuleni, akakimbilia mlimani kwa uchungu. Tena iliwafanya watu wa Whoville kuwa wapenda mali, washindanao kwa mapambo na ununuzi, hata msichana mdogo, Cindy Lou, akaanza kuuliza maana ya sikukuu yenyewe.

Mashtaka hayo yana nguvu, lakini haki haikai kwenye sikio moja. Katuni ipendwayo nayo ilikuwa mabadiliko ya kitu kilichoitangulia. Michoro ya kitabu cha mwaka 1957 ilikuwa nyeusi na nyeupe, ikitiwa wekundu hapa na pale. Ule ukijani wa Grinch, ambao leo kila mtu hudhani alizaliwa nao, ulitokea katika katuni. Nyimbo ziliongezwa, na mbwa wake alipewa nafasi kubwa kuliko ya kitabuni. Hata fedha hazikukosekana: katuni hiyo iliyofundisha kwamba furaha hainunuliwi ilidhaminiwa na mabenki. Basi mtu asemaye kwamba kugeuza ni dhambi ameihukumu na ile anayoitetea.

Labda utanijibu kwamba mwaka 1966 mwenye hadithi alikuwapo, akashiriki katika kazi kwa mkono wake, na kwamba mwaka 2000 alikuwa amekwisha fariki tangu 1991. Ni kweli. Ruhusa ya sinema ilitolewa na mjane wake, naye alikuwa na haki hiyo kwa sheria. Lakini wewe na mimi twajua kwamba sheria hutuambia nani aweza kufanya jambo. Haitwambii kama jambo lenyewe ni jema. Kwa hiyo yatupasa kutafuta kipimo kingine.

Kipimo nikipendacho ni maana. Badala ya kuuliza ni mangapi yamebadilishwa, tuulize: Je, hadithi iliyogeuzwa bado yasema kitu cha kweli, na kitu hicho kina thamani ya kile kilichoondolewa? Nikiipima sinema ya mwaka 2000 kwa kipimo hiki, naona faida na hasara. Faida ni kwamba watu wa mji wanaulizwa juu ya sehemu yao katika uovu wa jirani yao. Mwanafunzi aliyewahi kumcheka mwenziwe kwa nguo zake au kwa matamshi yake atajiona humo, na pengine atanyamaza siku nyingine. Hasara ni kwamba katika hadithi ya kwanza furaha ya watu wale ilikuwa yao tangu mwanzo. Walipoporwa hawakuhitaji kufundishwa na mtu; waliimba. Nguvu ya wema usiotegemea mali ilionekana dhahiri, nayo ndiyo iliyomgeuza mwizi. Tena katika maisha twakutana na mioyo mingi midogo isiyojulikana ilipunguzwa na nini, na mioyo hiyo nayo yaweza kukua. Hadithi ya kwanza ilituachia tumaini hilo bila ya kudai maelezo.

Nilikuwa nimeridhika na hukumu hiyo mpaka siku moja nilipofikishwa mahakamani mimi mwenyewe. Mara tu baada ya kutoka chuo cha ualimu nilikuwa na desturi ya kuwasimulia wanafunzi wangu hadithi ya fisi aliyefika njia panda. Alisikia harufu ya nyama kutoka njia zote mbili, akapeleka miguu huku na miguu kule, hata akapasuka msamba. Niliiongeza vitendo na sauti, na darasa lilicheka mpaka walimu wa vyumba jirani wakachungulia. Siku hiyo dada yangu mkubwa alikuwa amekuja kunitembelea, akanisikia. Tulipokuwa tukienda nyumbani aliniuliza, "Na mama yake fisi umempeleka wapi?"

Nikakumbuka. Nyanya yetu, aliyetupa hadithi hiyo, hakuimalizia kwenye kupasuka. Alisema kwamba jioni mama yake fisi alipita akimtafuta mwanawe, akamkuta pale njia panda, akamfunika kwa majani, akakaa naye mpaka kulipokucha. Kisha nyanya hunyamaza, nasi hunyamaza. Nilimjibu dada kwamba niliiacha sehemu hiyo kwa sababu watoto hawaichekei. Akasema, "Nyanya hakuisimulia ili tucheke." Sikuwa na jibu, wala sijalipata hata leo.

Hapo nikaona tofauti ambayo nilikuwa sijaifikiri. Walioifanya upya hadithi ya Grinch hawakuiharibu ile ya zamani. Kitabu cha mwaka 1957 kingali chasomwa, na katuni ya mwaka 1966 ingali yatazamwa. Asiyependa sinema ya watu hai aweza kurudi kwenye alipendalo, nalo halikupungua hata nukta. Lakini nyanya yangu amekwisha fariki, na maneno yake hayakuandikwa popote. Nakala yake ilikuwa kifuani mwangu na mwa dada yangu. Darasa baada ya darasa liliondoka likiwa na fisi wa kuchekwa, asiye na mama. Kama dada asingalikuja siku ile, yule mama angalizikwa kwa mkono wangu, na hakuna ambaye angalijua kwamba aliwahi kuwapo.

Basi, msomaji wangu, jibu langu ni hili. Kugeuza hadithi si kosa, kwa maana hadithi isiyogeuzwa na vinywa vipya hufa pamoja na vinywa vya zamani. Lakini wajibu wa mgeuzaji hulingana na kile kitakachobaki baada yake. Ikiwa asili imehifadhiwa, na akosee. Kosa lake litasahihishwa na asili. Ikiwa yeye ndiye chombo cha mwisho, na atembee taratibu kama mtu abebaye maji ya kijiji kizima.

Wewe unayesoma una nyanya, au babu, au jirani mzee, na ndani yake mna hadithi ambazo hazimo katika kitabu hiki wala kingine. Mwendee wakati wa likizo. Andika asemavyo, pamoja na yale usiyoyapenda na yale yasiyokuchekesha. Ukisha kuandika, iweke karatasi pahali pasipo mchwa. Baada ya hapo isimulie upendavyo. Mtie fisi wako rangi ya kijani ukitaka. Mimi mwenyewe sasa huisimulia hadithi ile mpaka mwisho wake. Darasa hucheka fisi apasukapo, kisha mama yake huja, na kicheko huisha.