Meza ya Nauli na Meza ya Ziada

Katika Januari ya mwaka 2024 iling'oa nanga katika bandari ya Miami, kwa safari yake ya kwanza ya kuchukua abiria, meli ya Icon of the Seas, iliyoundwa Turku katika nchi ya Finland, yenye sitaha 20 na nafasi ya abiria wapatao 7,600 pamoja na mabaharia na watumishi 2,350. Na ndani ya chombo hicho, ambacho kwa juma moja hukusanya watu wa kutosha kuitwa mji, pamewekwa mahali pa kulia zaidi ya 20. Abiria aliyekwisha kutoa nauli yake huingia katika ukumbi mkubwa wa maakuli, au huziendea meza ndefu za kujipakulia, akala asubuhi, mchana na jioni pasipo kuulizwa senti moja. Lakini hatua chache kutoka hapo iko milango mingine, huu wa nyama za kuchoma, ule wa samaki wa Kijapani, na mwingine wa karamu ya usiku yenye muziki, ambako haketi mtu ila kwa kulipa fedha juu ya nauli. Swali ninalotaka kulitazama si la upishi. Ni swali la dini na la hekima: watu waliokusanywa chini ya dari moja, juu ya maji yale yale, na mwenyeji mmoja, wakitengwa kwa mifuko yao ifikapo saa ya kula, je, wamedhulumiwa, na ikiwa wamedhulumiwa, dhuluma yenyewe imekaa wapi?

Barani swali hili lina uzito mdogo. Hoteli ya ghali na mgahawa wa rahisi hutazamana katika barabara moja, wala hapana aliyeonewa, kwa kuwa hapana aliyewaalika wapitao njia. Baharini mambo ni mengine. Hakuna mtaa wa pili wa kuendea, na mwenye meli, ambaye ni mfanyabiashara na katika hilo hana lawama, ni mwenyeji pia, maana amewaita watu kwa tangazo moja akawaahidi malazi na chakula, na wao wakamwamini wakaiacha nchi kavu nyuma yao. Biashara ina sheria yake, nayo ni kwamba kila mtu apate kile alichokilipia, asipunjwe. Ukarimu nao una sheria yake, nayo ni kwamba aliyeketi mezani asipimwe. Katika meli hizi sheria mbili hukaa katika nyumba moja, na aghalabu hupigana.

Jambo lenyewe si geni. Albert Ballin, mkuu wa kampuni ya meli ya Hamburg, ndiye aliyeipeleka meli ya Augusta Victoria katika matembezi ya bahari ya Mediterania mwaka 1891, safari ambayo wengi huihesabu kuwa mwanzo wa biashara hii ya anasa. Na ni yeye tena ambaye mwaka 1905, katika meli ya Amerika, aliweka mkahawa chini ya jina la César Ritz, ambamo abiria wa daraja ya juu waliweza kukihama chakula cha nauli wakaagiza na kulipia chakula wakitakacho. Miaka saba baadaye Titanic ilikuwa na mkahawa wa namna hiyo chini ya Mwitaliano Luigi Gatti, na abiria aliyeamua tangu mwanzo kuwa atakula humo siku zote alipunguziwa nauli. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912 familia ya Widener ya Philadelphia ilimfanyia nahodha Edward Smith karamu katika mkahawa huo, saa chache kabla ya meli kugonga barafu. Na Gatti, pamoja na karibu wapishi na watumishi wake wote, walikufa maji.

Abiria wa daraja ya tatu katika meli ile, waliokula uji wa shayiri, supu ya wali na nyama ya ng'ombe ya kuokwa katika ukumbi wao wa sitaha za chini, hawakuuona mkahawa wa Gatti hata kwa mbali, kwa sababu milango na sheria za tiketi ziliwazuia kupanda. Meli za leo zimeivunja milango mingi ya namna hiyo, na hilo ni jambo jema. Lakini pahali pa mlango pamewekwa orodha ya bei, ambayo kila mtu huipita jioni akienda kula. Zamani mtu alitengwa mara moja, siku alipokata tiketi. Siku hizi hutengwa kila jioni, tena kwa hiari yake, na hiari hiyo ndiyo inayolifanya jambo hili kuwa la dhamiri na si la ufundi wa kuendesha meli tu.

Wahenga wa Roma walilijua. Plinio Mdogo, aliyeishi katika karne ya kwanza na mwanzo wa karne ya pili, aliandika barua kwa kijana rafiki yake juu ya karamu aliyohudhuria, ambamo mwenye nyumba alijiwekea yeye na wageni wachache vyakula vya fahari, akawawekea waliosalia vyakula duni na haba, na hata divai akaigawa katika vyupa vya namna tatu, ya kwanza yake na ya wakubwa, ya pili ya marafiki wa cheo kidogo, na ya tatu ya watumwa walioachwa huru. Plinio aliulizwa na jirani yake mezani kama yeye hufanya vivyo hivyo. Akajibu kuwa kwake wote hupata sawa, kwani huwaita watu kula na si kuwapanga madaraja. Alipoambiwa kuwa desturi hiyo lazima imgharimu sana alikana, akaeleza kuwa wale walioachwa huru hawanywi divai anywayo yeye, bali ni yeye anayekunywa waliyo nayo wao. Jibu hili lina siri kubwa. Usawa wa mezani haukupatikana kwa kuwapandisha wote hadi kwenye anasa, jambo ambalo lingemfilisi hata tajiri; ulipatikana kwa mkubwa kuishusha tamaa yake. Katika lugha ya dini tungesema kuwa ulipatikana kwa kinaa.

Yapo pia yale ya Korintho, mji wa Ugiriki wenye bandari mbili, mmoja wa miji iliyojaa wafanyabiashara na wasafiri, ambako Mtume Paulo aliwaandikia Wakristo wa kwanza kuwakemea kwa sababu ya chakula chao cha pamoja. Walikuwa wakikutanika kwa ibada, lakini wenye navyo walianza kula vyao kabla ya wengine kufika, hata huyu akawa na njaa na yule amelewa. Gerd Theissen, mtaalamu wa Kijerumani, ameufafanua mgogoro huo kuwa ni wa matajiri na maskini: wale wakileta na kula maakuli yao mema, na hawa wakikosa. Na linalonishughulisha mimi zaidi ni hukumu aliyoitoa Paulo. Hakuwakataza matajiri kula vizuri. Aliwauliza kama hawana nyumba za kulia na kunywea, akawaamuru kwamba wakikutanika kula wangojane, na mwenye njaa ale kwake. Basi kosa lao halikuwa ubora wa chakula, wala hata tofauti ya chakula, bali ni kuileta tofauti hiyo mahali palipoitwa pa wote, mbele ya macho ya asiye na kitu, na kuwatahayarisha maskini katika mkutano uliokusudiwa kuwafanya mwili mmoja.

Waislamu nao wana mizani ya namna hiyo. Nabii Ibrahimu alipojiwa na wageni asiowajua hakuwauliza wanataka nini wala wana nini. Aliondoka kimyakimya akaenda kwa watu wa nyumba yake, akarudi na ndama mnono, akamsogeza karibu yao. Na wafasiri wa Qurani wameona katika kuondoka kule kimya adabu ya hali ya juu, kuwa mgeni asipate hata nafasi ya kuona haya. Na katika Hadithi iliyo mashuhuri, chakula cha walima ambacho wanaalikwa matajiri na kuachwa mafakiri kimehesabiwa miongoni mwa vyakula viovu kabisa. Nyama yaweza kuwa halali na mchele kuwa safi, lakini chakula chenyewe kimeharibika kwa sababu ya nani ameitwa na nani ameachwa.

Nikizirudia meli kwa mizani hii, naona kuwa mambo mawili yanayofanana kwa nje yana hukumu mbili. Mkahawa wa kulipia ulio na mlango wake na ukumbi wake sioni kuwa ni dhuluma, maadam meza ya nauli imeachwa na afya yake. Mwenye fedha anayetaka kusherehekea miaka ya ndoa yake huko ni kama tajiri wa Korintho aliyekula nyumbani kwake. Na fedha atoayo humwingizia mwenye meli pato ambalo lisipopatikana hapo litatafutwa katika nauli, na nauli ikipanda atakayebaki gatini si tajiri. Huu ni utetezi wa haki, na asiyetaka kuusikia anamdhulumu mfanyabiashara.

Lakini meza moja yenye bei mbili siikubali. Katika meli za kampuni iliyo na Icon, jioni itolewapo kamba koche katika ukumbi wa wote, mkia wa kwanza u ndani ya nauli na wa pili una bei yake. Na pande la nyama laini la mkahawa wa kulipia laweza kuagizwa katika ukumbi huohuo na kuletewa mtu kwa malipo ya ziada. Hapo mtumishi mmoja huwaendea watu wa meza moja, pengine ndugu wa tumbo moja, mmoja ana kazi nzuri na mwingine ameingia katika deni ili asikose safari ya wazazi wake, akamwekea huyu sahani yenye bei na huyu sahani isiyo na bei. Hakuna aliyetukanwa. Nauli imeheshimiwa, kila mtu amepata alichokilipia, na sheria ya biashara imetimizwa barabara. Walakini meza imekwisha kuvunjika, na yule ndugu mwenye deni, ambaye dakika moja kabla alikuwa ameshiba na kuridhika, sasa hujiona hana kitu. Hiki ndicho chupa cha tatu cha divai katika karamu ya Plinio.

Na liko baya kuliko hilo. Mwenyeji akishajua kuwa huuza njia ya kuikimbia meza ya wote, hupata faida katika kuiacha meza hiyo idhoofike: chaguo likapunguzwa, watumishi wakapungua, mpishi stadi akahamishiwa kwenye mlango wa kulipia. Simtuhumu mtu kuwa amefanya hivyo. Nasema kuwa kishawishi hicho kimejengwa ndani ya mpango wenyewe, na mwenye chombo mwadilifu inampasa kujilinda nacho kama anavyojilinda na moto usitokee jikoni.

Wala haisemekani kuwa hapana njia nyingine. Virgin Voyages, ambao meli yao ya Scarlet Lady ilianza kuchukua abiria mwaka 2021, wameingiza mikahawa yao yote katika nauli, na Oceania Cruises nao hawatozi kuingia mikahawa yao maalumu. Queen Mary 2 ya mwaka 2004 imeshika desturi ya kale, ambapo chumba cha kulala ndicho kinachoamua ukumbi wa kulia, na chakula cha ukumbi huo ni cha nauli. Njia hii ya mwisho haina usawa, lakini ina staha.

Yupo mtu wa tatu ambaye mijadala ya abiria humsahau, naye ni mletaji wa sahani, aghalabu kijana kutoka Ufilipino, Indonesia au India, aliyeziacha nyumba na watoto kwa miezi mingi. Yeye hali katika meza ya nauli wala ya ziada. Ana ukumbi wake chini. Katika bei ya mikahawa ya ziada huongezwa asilimia ya utumishi, katika kampuni iliyo na Icon 18, lakini abiria mwenye imani asiwaachie makarani shukrani yake: amjue mtumishi wake kwa jina, amshukuru, asimfanye chombo cha kuonyeshea kuwa yeye ameketi upande wa wenye kulipa.

Katika njia kuu ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi, mahali paitwapo Makindu, liko hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, ambako msafiri wa dini yoyote huingia, akavua viatu, akafunika kichwa, akala chakula kile kile walacho wote, wala haulizwi bei, mchango ukiwa ni hiari yake. Simtaki mwenye meli awe hekalu. Angefilisika, na watumishi 2,350 wangekosa mkate. Namtaka mambo mawili tu, ambayo hayatamfilisi: chakula cha meza ya wote kiwe cha kumfanya mtu yeyote aketi pasipo kujuta, na ndani ya ukumbi ule lisitajwe neno la bei. Nawe msomaji, ukijaliwa safari ya namna hiyo pamoja na jamaa zako, uliza kwanza ni nani kati yao hawezi kulipia mlango wa ziada; kisha ama mlipie bila ya wengine kujua, ama keti naye.