Eti haumi

Kila mwenye mbwa hapa Kakuma ana neno moja: "Usiogope, haumi." Mimi pia nilikuwa nalo. Vijana wa kikundi chetu walimlea Simba tangu mdogo, wakimpa makombo ya ugali na maharage, naye akakua na tabia ya kumrukia kila anayefika. Miguu miwili kifuani, ulimi usoni. Sisi tulicheka.

Ile siku alimrukia mama mmoja Msomali, jirani yetu, anatoka bombani na jerikeni ya lita 20. Jerikeni ikaanguka, maji yakaenda. Nikasema lile neno. Mama akanijibu, "Nimesikia haumi. Sasa hii nguo nitaswali nayo?" Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na Wasomali wengi ni wa madhehebu hayo, mate ya mbwa ni najisi, palipoguswa panaoshwa mara 7, na mojawapo ni kwa udongo. Hesabu mwenyewe hayo maji, kwa foleni za hapa.

Nimefikiri sana jibu lake. Mimi nilikuwa namweleza nia ya mbwa, yeye ananieleza kilichompata. Nia ya Simba ni nzuri kweli, anasalimia tu. Lakini hiyo naijua mimi niliyemlea, yeye ataijulia wapi? Na kwa nini kuvumilia kuwe kwake, raha iwe yetu? Halafu anayeogopa si mjinga. Kichaa cha mbwa kinaua, na hata mkwaruzo unatosha kukupeleka kwenye sindano.

Basi tukaamua kumfundisha. Wavulana walianza na fimbo. Simba akajifunza haraka kuogopa wavulana wenye fimbo, wageni akaendelea kuwarukia. Kumsukuma kwa goti alidhani ni mchezo. Kilichofaa ni kitu cha kuchosha: akiruka unamgeuzia mgongo, humtazami, humsemeshi. Miguu yote minne ikiwa chini, hapo hapo unamsalimia na kumpa kipande cha ugali. Kila siku, kila mtu.

Mimi hilo liliniuma. Kwetu kumnyima mtu salamu ni adhabu kubwa, na kusema ukweli kuna siku hakuna anayefurahi kuniona kama yule mbwa. Nilijiona mnafiki, nampenda halafu nampa mgongo. Baadaye nikaona kwamba salamu anaipata, ila akiwa chini.

Taabu kubwa haikuwa mbwa. Ilikuwa kijana mmoja aliyependa kurukiwa, eti "mimi sioni shida". Alimwita kwa siri nyuma ya kituo na kujipigapiga kifua ili arukiwe. Mchezo wake wa siku moja ulibomoa kazi yetu ya wiki nzima, maana Simba hajui nani anapenda na nani hapendi. Tulibishana jioni nzima kama ana haki hiyo. Mimi nasema hana: raha yake inalipwa na mama wa jerikeni.

Siku hizi Simba anakaa, mkia unapiga vumbi. Mama bado anapita upande wa pili wa njia, na sijamwomba asogee. Ila ninyi wageni wa mashirika mnaopenda mbwa, mnaoshuka kwenye gari na kumfungulia mikono: akiwarukia, geukeni kwanza.